Vidonge vya damu vya kliniki vinanenepesha kweli, au vinasingiziwa?

#1 Mama Iqra (Temeke)
Habari zenu, wadau. Nina swali lililozua ubishi nyumbani kwetu. Ujauzito wa kwanza sikumeza vidonge vya kuongeza damu kwa sababu vilinitia kichefuchefu, na baada ya kujifungua nilirudi katika mwili wangu bila taabu. Ujauzito huu wa pili nilivimeza vyote kama nilivyoelekezwa kliniki, pamoja na multivitamini niliyonunuliwa na shemeji yangu katika duka la dawa. Sasa mtoto anatambaa, lakini magauni yangu ya zamani hayapiti hata mabegani. Mama mkwe wangu hana shaka kwamba ni vidonge, na amekwisha kumwambia wifi yangu, ambaye ana mimba ya miezi mitano, aviache mara moja. Je, vidonge hivi vinanenepesha? Naomba majibu ya waliopitia na ya wanaojua.

#2 Bint Mvita (Mombasa)
Dada, mama mkwe wako hayuko peke yake. Kwetu Kisauni wanawake wengi huvipokea kliniki kwa heshima zote, kisha huvitia kabatini. Hofu yao si kunenepa wenyewe, bali mtoto kunenepa tumboni hadi ashindwe kupita, halafu mama apelekwe kupasuliwa. Shangazi yangu aliwahi kuniambia kwamba zamani wanawake walizaa watoto wadogo, wakazaa wengi, wala hawakukatwa. Mimi nilivimeza na mtoto wangu alizaliwa na kilo tatu kasoro, kwa hiyo kwangu hilo la mtoto mkubwa halikutokea. Kuhusu mwili wangu, nanyamaza.

#3 Mfamasia wa Kona (Dodoma)
Mama Iqra, kidonge cha kliniki kina vitu viwili tu vya kufanya kazi, yaani madini ya chuma na asidi ya foliki. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 unashauri mjamzito apate kila siku miligramu 30 hadi 60 za chuma na miligramu 0.4 za asidi ya foliki, na kiwango cha 60 hupendekezwa zaidi mahali ambapo upungufu wa damu kwa wajawazito ni asilimia 40 au zaidi. Hakuna kati ya hivyo viwili kinachotoa nishati. Mafuta hayawezi kujengeka mwilini kutokana na kitu kisicho na nishati, hata ukimeza kopo zima, jambo ambalo usilifanye kwa sababu chuma kingi ni sumu, hasa kwa watoto wanaookota vidonge vyekundu wakidhani ni pipi.

Vidonge hivi vina maudhi yake: choo hugeuka cheusi, tumbo hujaa na choo kinaweza kufunga. Mwanamke anayejisikia tumbo limejaa kila siku anaweza kuamini kwamba ananenepa, lakini hisia hiyo huondoka akimaliza dozi. Kwa hiyo jibu langu ni kwamba vinasingiziwa.

#4 Kijana wa Ubungo
Mimi ni mwanamume na sina uzoefu wa kubeba mimba, lakini wakati mke wangu ananyonyesha nilinenepa kuliko yeye, na sikumeza kidonge hata kimoja. Nilikuwa namalizia supu zake.

#5 Nyakato (Bukoba)
Kijana wa Ubungo ametania, lakini amegusa penyewe. Tunazungumzia vidonge vya miezi minne au mitano tukasahau siku arobaini za uzazi. Mzazi hafanyi kazi, hatoki nje, anakandwa maji ya moto, anafungwa mkaja, na kila anayekuja kumtazama anakuja na chakula. Alfajiri ni uji wa pilipili manga ulioungwa kwa maziwa na siagi, saa nne ni supu ya kuku wa kienyeji, mchana ni ndizi na nyama, alasiri ni uji tena, na usiku wanamwamsha anywe kikombe kingine ili maziwa yatoke. Akikataa, anaambiwa anamnyima mtoto.

Mama Iqra, katika uzazi wa kwanza uliuguzwa na nani, na wapi? Nadhani jibu la swali hilo litatueleza mengi kuliko vidonge.

#6 Shangazi wa Marangu
Nyakato mwanangu, usiutukane mtori. Mtori wa mzazi ni ndizi, nyama ya mfupa na maziwa au siagi kidogo, na kazi yake ni kumrudishia nguvu mtu aliyepoteza damu. Uchaggani mzazi hupewa pia mlaso, ambao una damu ya mnyama ndani yake, na damu hiyo ina chuma ambacho mwili hukipokea vizuri. Mabibi zetu walikula hivyo na hawakuwa wanene, kwa sababu baada ya kutoka ndani walirudi kwenye mteremko wa Kilimanjaro wakiwa na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani. Mabinti wa leo wanakula chakula cha uzazi miezi sita, na kutoka sebuleni hadi barabarani wanapanda bodaboda. Kosa si la mtori.

#7 Mkunga Mstaafu (Tanga)
Nimewasoma wote. Kabla hatujatafuta mkosaji, tukubaliane kwanza tunapima nini, kwa sababu nimekaa kliniki miaka mingi na najua namba za kwenye kadi zinapatikanaje.

Kadi ya mjamzito, ile ya RCH-4, ina nafasi ya kuandika uzito kila hudhurio. Wanawake wengi huja mara ya kwanza mimba ikiwa na miezi minne au mitano. Uzito unaoandikwa siku hiyo ndio unaohesabiwa kuwa wa mwanzo, ingawa hakuna anayejua alikuwa na kilo ngapi kabla ya mimba. Mwingine alitapika wiki kumi akapungua, kwa hiyo anaanza kupimwa akiwa chini ya uzito wake wa kawaida, na kilo anazorudisha zinaandikwa kama alizoongeza. Mwingine anapima leo akiwa na viatu, mkoba na khanga mbili, na mwezi ujao anavua kila kitu. Mizani yenyewe, ile ya sindano, nimeiona mara nyingi ikisimama kwenye kilo mbili kabla mtu hajapanda, na foleni ilipokuwa ndefu hakuna aliyeirudisha kwenye sifuri.

Wale wanaouliza ongezeko la kawaida ni kiasi gani, mapendekezo yanayotumika sana ni ya Taasisi ya Tiba ya Marekani ya mwaka 2009. Mwanamke aliyekuwa mwembamba kupita kiasi kabla ya mimba anatarajiwa kuongeza kilo 12.5 hadi 18, mwenye uzito wa kawaida kilo 11.5 hadi 16, mwenye uzito uliozidi kilo 7 hadi 11.5, na mnene sana kilo 5 hadi 9. Yaliandikwa kwa ajili ya wanawake wa kule, na siyachukui kama msahafu, lakini yanaonyesha kwamba hakuna kiwango kimoja kwa kila mtu.

Kilo hizo si mafuta matupu. Mtoto ni kilo tatu na kitu, kondo la nyuma ni zaidi ya nusu kilo, maji ya uzazi yanakaribia kilo moja, mfuko wa uzazi uliopanuka ni kama kilo moja, damu iliyoongezeka ni zaidi ya kilo moja, na kuna matiti na maji ya mwilini. Mafuta ya akiba, ambayo Mungu aliyaweka kwa ajili ya kunyonyesha, ni kama kilo tatu au nne. Siku ya kujifungua mama hupoteza kilo tano au sita. Kinachobaki ndicho tunachobishania hapa.

#8 Bint Mvita
Asante, Mkunga. Ila Mfamasia wa Kona ametuambia miligramu 30 hadi 60, na mimi nina pakiti ya dada yangu hapa imeandikwa miligramu 200. Tunapewa mara tatu ya kiwango?

#9 Mfamasia wa Kona
Hapana, dada. Miligramu 200 ni uzito wa chumvi ya chuma, yaani chuma kikiwa kimeungana na salfeti. Ukitoa hiyo salfeti, chuma halisi kinachobaki ni kama miligramu 65. Watengenezaji wengine huandika uzito wa chumvi, wengine huandika uzito wa chuma halisi, na ndiyo maana watu hulinganisha pakiti mbili wakadhani moja ni kali kuliko nyingine. Pakiti ya dada yako iko sawa.

#10 Msomaji wa Takwimu (Morogoro)
Naheshimu maelezo ya Mfamasia, lakini amefunga mlango mapema mno. Ni kweli kwamba chuma na vitamini havina nishati. Hilo halimaanishi kwamba haviwezi kubadilisha uzito wa mama, na ushahidi mwingine umetoka hapa hapa Dar es Salaam.

Katika miaka ya 1990 ulifanyika utafiti wa wajawazito 1,075 waliokuwa na virusi vya Ukimwi, ambapo baadhi walipewa multivitamini yenye vitamini za kundi B, C na E. Matokeo ya kwanza yalichapishwa mwaka 1998: waliopewa multivitamini walipoteza mimba kwa uchache zaidi na walizaa watoto wachache wenye uzito mdogo. Uchambuzi uliofuata wa wanawake hao hao ulionyesha kwamba multivitamini iliongeza kidogo uzito wa mama katika miezi mitatu ya mwisho. Hawakupewa unga wala mafuta.

Baadaye, katika jiji hilo hilo, ulifanyika mwingine wa wanawake 8,468 wasio na virusi, uliochapishwa mwaka 2007. Wote walipata chuma na asidi ya foliki, na nusu yao waliongezewa multivitamini. Watoto waliozaliwa chini ya kilo mbili na nusu walikuwa asilimia 7.8 kwa waliopewa multivitamini na asilimia 9.4 kwa wengine. Kwa hiyo, Bint Mvita, lile la shangazi yako lina chembe ya ukweli, lakini kinachoonekana ni watoto waliokuwa wazaliwe wadogo mno kupata uzito wa afya. Hakuna hapo watoto wa kilo tano.

Njia inaweza kuwa hii: mtu mwenye damu kidogo hana hamu ya kula, anachoka, na chakula chake hakimfai vizuri. Damu ikipanda, hamu inarudi na sahani inajaa. Kidonge hakikutoa nishati, ila kilimrudisha mtu mezani.

#11 Mfamasia wa Kona
Msomaji, utafiti wa kwanza ulihusu wanawake waliokuwa wagonjwa kabla dawa za kufubaza virusi hazijapatikana kwa wengi nchini. Mtu anayepungua kwa maradhi akipata vitamini akaacha kupungua, huwezi kuuita unene. Mama Iqra hakutuambia alikuwa na upungufu wa damu. Pia ongezeko ulilolitaja lilihesabiwa kwa gramu, ilhali yeye analalamikia kilo.

#12 Msomaji wa Takwimu
Hakutuambia alikuwa nao, na hakutuambia hakuwa nao. Ndiyo sababu ninasema tusifunge mlango. Atazame kadi yake: wingi wa damu chini ya 11 katika mimba changa ni upungufu, na chini ya 7 ni upungufu mkali. Kama alianza na 8 akamaliza na 12, maelezo yangu yana nafasi.

#13 Umm Salim (Muscat)
Assalaam alaykum. Mimi ni mzaliwa wa Unguja, ninaishi Oman. Huku mzazi hutiliwa uwatu, ambao wenyeji huuita hulba, katika kila kitu: uji, supu, mikate na maziwa ya moto. Uwatu wenyewe sina ugomvi nao, ingawa wenye kisukari wanaonywa kwa sababu unaweza kushusha sukari. Tatizo ni vinavyoandamana nao, kwa kuwa ule uchungu wake hauliki bila samli, sukari na asali. Kisha kuna tende, halwa na kahawa za wageni kila jioni. Mimi nilikuwa nikimeza vidonge vya chuma saa hiyo hiyo ya kahawa na tende, mpaka daktari akaniambia kahawa na chai huzuia chuma kisiingie mwilini. Kwa hiyo sukari iliingia na chuma hakikuingia, na mama yangu akavilaumu vidonge.

#14 Shangazi wa Marangu
Umm Salim umenifurahisha. Huko nako mnavilaumu.

#15 Mama Furaha (Lubumbashi)
Ninyi nyote mmeruka jambo moja katika ujumbe wa kwanza, nalo ni multivitamini iliyonunuliwa dukani na shemeji. Huku kwetu Kongo, ukiomba dawa ya vitamini kwa ajili ya mwanamke aliyetoka kuzaa, muuzaji anaweza kukupa kitu kingine kabisa. Kuna vidonge na sharubati zinazouzwa kwa jina la kuleta hamu ya kula, na ndani yake mara nyingi ni siproheptadini, dawa ya mzio ambayo humfanya mtu asikie njaa na usingizi. Mbaya zaidi ni inapochanganywa na deksamethasoni, ambayo huvimbisha uso na mashavu, huhifadhi maji mwilini, hupandisha sukari na shinikizo la damu. Wasichana huzitafuta ili wapate makalio. Nimemwona jirani yangu ambaye uso wake ulikuwa mviringo ndani ya wiki chache huku mikono na miguu yake ikibaki myembamba, na watu wakimsifu kwamba mume anamtunza.

Mama Iqra, soma lebo ya hiyo multivitamini yako. Usisome jina kubwa la mbele, soma herufi ndogo za nyuma.

#16 Kijana wa Ubungo
Shemeji mtu sasa amekuwa mshukiwa namba moja. Mama mkwe apumzike kidogo.

#17 Mama Iqra
Nawashukuru wote, sikutarajia mjadala mrefu hivi. Nimeitafuta ile chupa na nimesoma kila neno. Ina chuma, zinki, vitamini A, B, C na D na asidi ya foliki. Hakuna siproheptadini wala deksamethasoni, kwa hiyo shemeji yangu ameoshwa.

Kwa Msomaji: kadi inaonyesha wingi wa damu ulikuwa 9.4 hudhurio la kwanza na 11.8 la mwisho. Uzito ulianza kilo 61 na ukaishia 74. Kwa Nyakato: uzazi wa kwanza nilikuwa kwa mama yangu mzazi Kilwa, na nilianza kuteka maji na kwenda shamba mapema. Uzazi huu nilikuwa kwa mama mkwe, na ndiye aliyenipikia. Labda niongeze kwamba baada ya wiki sita nilianza sindano ya uzazi wa mpango, ile ya miezi mitatu, ambayo mara ya kwanza sikuitumia.

#18 Nyakato
Kwa hiyo anayelaumu vidonge ndiye aliyekuwa na mwiko wa uji mkononi. Sisemi zaidi.

#19 Msomaji wa Takwimu
Na damu ilipanda kutoka 9.4 hadi 11.8. Mfamasia, mlango umefunguka kidogo.

#20 Mkunga Mstaafu
Tulieni. Kutoka kilo 61 hadi 74 ni kilo 13. Kwa mwanamke wa uzito wa kawaida hilo ni ongezeko la kawaida kabisa, wala hakuna cha kulaumu katika ujauzito wenyewe. Kama nguo hazipiti sasa, kilichotokea kimetokea baada ya kujifungua, wakati vidonge vya kliniki huenda vilikwisha. Hapo ndipo sindano inapoingia. Sindano ya miezi mitatu inahusishwa na kuongezeka uzito kwa baadhi ya watumiaji, na wengine haiwagusi. Nimewahudumia wanawake wa aina zote mbili. Asiiache kienyeji akashika mimba nyingine, bali aende aulize njia mbadala, kwa sababu zipo, zikiwamo zisizo na homoni kabisa.

#21 Mfamasia wa Kona
Naunga mkono. Ila hata sindano nisingeihukumu peke yake. Kunyonyesha pekee, bila kumpa mtoto kitu kingine, kunamhitaji mama ale takribani kilokalori 500 za ziada kwa siku, na nyingine kama 170 hutoka katika mafuta aliyohifadhi. Ndiyo maana wengi hupungua taratibu wakinyonyesha. Akila nyongeza ya kilokalori 1,000 kwa imani kwamba maziwa hayatoshi, hesabu inageuka. Katika mimba yenyewe nyongeza ni ndogo kuliko watu wanavyodhani: kama 85 kwa siku katika miezi mitatu ya kwanza, 285 katika ya kati na 475 katika ya mwisho. Ule usemi wa kula kwa ajili ya watu wawili umewaponza wengi, kwa sababu huyo wa pili mwanzoni ni mdogo kuliko punje ya mchele.

#22 Bint Mvita
Haya, mnaeleza kwa nini mtu ananenepa, na hakuna anayesema afanye nini. Rafiki zangu wawili wanakunywa majani ya kupunguza tumbo yanayouzwa mitandaoni na wanasema yanafanya kazi, kwani mizani inashuka kila wiki. Mama Iqra ayajaribu?

#23 Umm Salim
Bint Mvita, wengi wanaouza majani hayo wametia sanamaki, ile ile tuliyokuwa tukinyweshwa utotoni ili tuharishe. Mizani inashuka kwa sababu ya maji na choo, mafuta yako palepale. Mama anayenyonyesha akipoteza maji kila siku anajitafutia balaa.

#24 Mama Furaha
Kwa maneno mengine, duka moja linauza dawa ya kunenepa upande wa kushoto na dawa ya kukonda upande wa kulia, na mteja ni yule yule.

#25 Mkunga Mstaafu
Mimi huyo mama aliyekwisha kujifungua hanipi presha. Anayenitia wasiwasi ni wifi yake mwenye mimba ya miezi mitano aliyeambiwa aache vidonge, na nashangaa tumefika ujumbe wa ishirini na tano bila mtu kurudi kwake.

Kwanza, asiache. Kama vinamchafua tumbo, avimeze usiku baada ya chakula, na maji au juisi ya chungwa, mbali na chai, kahawa na maziwa. Akishindwa kabisa, arudi kliniki aelezwe njia nyingine. Kama amepewa na vidonge vya kalsiamu, asivimeze pamoja na chuma kwa mkupuo mmoja, aviachanishe kwa saa kadhaa.

Pili, asijiongezee asidi ya foliki ya miligramu 5 kwa kudhani kubwa ndiyo bora. Huku kwetu mjamzito hupewa SP ya kuzuia malaria, na asidi ya foliki ya kiwango hicho hupunguza nguvu ya SP. Ya miligramu 0.4 haina tatizo hilo.

Tatu, na hili lisomwe na kila mwenye ndugu mjamzito: uzito unaopanda ghafla ndani ya siku chache, pete ikakataa kutoka kidoleni, uso ukavimba asubuhi, kichwa kikauma au macho yakaona ukungu, hayo hayatokani na vidonge na wala si kunawiri. Inaweza kuwa shinikizo la damu la ujauzito linaloelekea kifafa cha mimba, na anatakiwa afikishwe kituoni siku hiyo hiyo. Nimewahi kumpokea mama ambaye majirani walikuwa wamempongeza asubuhi kwa kujaa uso.

#26 Msomaji wa Takwimu
Kuhusu kalsiamu aliyoitaja Mkunga, Shirika la Afya Duniani limekuwa likipendekeza gramu 1.5 hadi 2 kwa siku kwa wajawazito wa maeneo ambako chakula kina kalsiamu kidogo, ili kupunguza hatari ya shinikizo hilo. Hivyo ni vidonge vikubwa na vingi. Mwaka 2024 yalichapishwa matokeo ya majaribio mawili, moja Bengaluru nchini India na jingine Dar es Salaam, kila moja likiwa na wanawake 11,000, na miligramu 500 hazikuwa duni kuliko miligramu 1,500 katika kuzuia shinikizo hilo.

#27 Shangazi wa Marangu
Dagaa wanaoliwa na mifupa yao nao wana kalsiamu. Nasema tu, kabla hamjatupeleka wote duka la dawa.

#28 Nyakato
Na huyo wifi aulizwe kama anakula udongo, ule wa vijiti unaouzwa sokoni pembeni ya karanga. Wanawake wenye upungufu wa damu huutamani sana, na udongo huo unaweza kuzuia chuma kisifyonzwe. Anaweza kumeza vidonge vyote na damu isipande, halafu aambiwe vidonge havina kazi.

#29 Mama Iqra
Wifi anakula. Ameficha kwenye pochi, nimeuona leo. Nimemsomea ujumbe wa Mkunga na amekubali kurudia vidonge usiku, ila bila mama mkwe kujua. Kuhusu mimi nitauliza kliniki habari ya sindano. Mama mkwe nimemwambia habari ya kilo 13, akajibu kwamba mizani ya kliniki ni mbovu.

#30 Mkunga Mstaafu
Kuhusu mizani anaweza kuwa na haki.

#31 Mfamasia wa Kona
Kuhusu vidonge hana.

#32 Msomaji wa Takwimu
Kuhusu vidonge hatujui. Mama Iqra, kama kadi ya ujauzito wa kwanza bado ipo, tuandikie uzito wa hudhurio la kwanza na la mwisho, na umri wako wakati huo. Mtu akilinganisha mimba ya miaka ishirini na mbili na ya miaka thelathini, amelinganisha vitu vingi kwa pamoja, na kidonge ni kimoja tu kati yake.

#33 Mama Iqra
Kadi ya kwanza ilibaki Kilwa kwa mama. Nitamwomba mdogo wangu aitafute, lakini nyumba ilivuja masika yaliyopita, kwa hiyo msitegemee sana.